Somo la Kujichora Ambalo Mwalimu Rangi Alilikwepa Miaka Miwili

Saa mbili na robo asubuhi. Wanafunzi hamsini na sita wa darasa la tano wanagombania vioo kumi na vinne.

"Kioo kimoja watu wanne, jamani! Kioo hakiliwi," anasema mwalimu wao, na darasa zima linaangua kicheko.

Yeye hacheki. Ameegemea ubao, chaki mkononi, macho dirishani. Somo hili hajalifundisha kwa miaka miwili.

Watoto wanamwita Mwalimu Rangi. Ana miaka 49, na zaidi ya ishirini kati ya hiyo ameitumia kuwafundisha watoto habari za wachoraji mashuhuri kwa kuwashikisha brashi. Wakisoma habari za Van Gogh, wanachora alizeti. Wakifika kwa Monet, wanachora mayungiyungi kwa rangi walizokoroga kwenye vikopo vya mtindi.

Leo ni zamu ya Frida Kahlo, mchoraji wa Meksiko aliyeumia vibaya katika ajali ya basi akiwa na miaka kumi na minane. Akiwa amelala kitandani, aliwekewa kioo juu yake, akaanza kujichora.

Mara ya mwisho alipolifundisha somo hili, binti mmoja wa miaka kumi alinyoosha mkono. Wenzake walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika.

"Mwalimu, kwani hakuwa na mtu mwingine wa kumchora?"

"Nilicheka mpaka machozi yakanitoka," ananisimulia Mwalimu Rangi.

Mwezi uliofuata Chiriku hakuonekana shuleni. Ilikuwa saratani ya damu. Mwalimu alimfuata wodini na kioo, karatasi na rangi, na muuguzi akamsaidia kukifunga kioo kwenye chuma cha kitanda kwa bendeji.

"Alijitazama, akaniambia, 'Mwalimu, huyu siye mimi. Mimi nina nywele.' Nikamwambia achore anachokiona au anachokikumbuka, vyote ni vyake. Akawaza weee! Mwishowe akachora kichwa kitupu, halafu akakivisha kilemba cha njano. Hakuwa nacho, alikitamani tu."

Mwalimu alizunguka madukani kukitafuta kitambaa cha rangi ile ile. Alikipata Jumanne. Chiriku alikuwa amefariki Jumatatu.

"Nilimpa mama yake. Alimfunga kilemba kwa mikono yake mwenyewe, kabla hatujaenda kumzika."

Baada ya hapo vioo vilifungiwa kabatini. Kila mwaka alipofika kwenye somo lile, aliruka ukurasa na kuendelea na mengine, na hakuna aliyemuuliza.

Aliyekuja kumuuliza, mwezi uliopita, ni mama wa Chiriku, fundi cherehani. Binti yake mdogo sasa yuko darasa la tano.

"Nilimwambia, 'Mwalimu, dada yangu, huyu mdogo unamnyima kwa nini?'" anasimulia mama huyo. "Mwenzake alilipenda somo lile. Na mimi nimefiwa, lakini kila siku naamka nampikia huyu uji."

Ndiyo maana leo vioo vimetoka. Mdogo mtu ameketi safu ya pili, ulimi nje, akichora. Ghafla anainua kichwa.

"Mwalimu, pua yangu ni kama ya dada?"

Mwalimu anamkaribia, anainama, anaitazama pua ile kwa makini.

"Ile ile," anajibu. Kisha anatoka varandani. Anarudi baada ya dakika kadhaa, macho mekundu, na kuwakumbusha wanafunzi wasisahau masikio.

Kengele inapolia, anaosha brashi bombani na kunieleza anachopanga. Amezungumza na muuguzi wa wodi ya watoto. Anataka kwenda kuwafundisha watoto waliolazwa kule kila Jumamosi.

"Naogopa, sikufichi," anasema. "Nitawazoea, halafu wengine wataondoka. Lakini mtoto kushinda kitandani anahesabu mbao za dari, hapana. Jumamosi hii naanza."