Salaash na Mbwa wa Mama Efrazia

Ilikuwa 2021. Hapana, nimekosea, ilikuwa 2022, mwaka wa sensa, maana mimi walinihesabia Mkumbara ndipo nikaja Korogwe. Hasira niliyoipata mwaka ule haijapoa mpaka leo.

Salaash ni Mmasai wa Handeni, amekulia machungani na mbwa. Tanga mjini alipata kazi ya kutembeza mbwa wa nyumba nne, asubuhi na jioni, na kuwatunza pindi wenyewe wakisafiri. Mama Efrazia alipokwenda kutibiwa goti, alimwachia Bobi wake wiki mbili. Salaash akaomba aende naye Handeni kumwona mama yake. Akaruhusiwa.

Wakashuka kwenye lori pale Kilole, hapa Korogwe, wakaja kwa Shida, muuza chai, nilipokuwa nimekaa.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbwa abaki hukohuko nje, asinisogelee vyombo," Shida akasema. "Eti unalipwa kumtembeza? Kwani hana miguu?"

"Miguu anayo, mama. Mgonjwa wa goti ni tajiri yake."

Tukacheka. Shingo ya Bobi ilikuwa imechubuka. Kwao Salaash mbwa hafungwi kitu shingoni, basi akamvua mkanda, akamwosha kidonda kwa sabuni, akaingia ndani kuongeza maji. Bunduki ikalia. Salaash akatoka mbio, kopo mkono huu, mkanda mkono huu.

Nje Bobi alikuwa chini, amekufa, na kando yake walisimama watu wawili waliotumwa kuua mbwa wanaozurura.

"Huyo mbwa wangu! Mkanda huu hapa!"

"Mkanda anavaa mbwa, Masai, havai mtu," mmoja akamjibu, tena anacheka. "Tangazo la kufunga mbwa limepita jana."

Jana yeye si alikuwa Tanga!

Alimpigia Mama Efrazia palepale, hakuficha neno. Simu ilifoka mpaka sisi tukasikia: "Nimekuachia mbwa, unaniletea mkanda? Usikanyage tena mlangoni kwangu!" Wiki haikuisha, na zile nyumba tatu nyingine zikamkataa. Mtu aliyekuwa akikesha na mbwa wao wakiugua! Sasa anachunga ng'ombe wa watu Handeni. Nikipita huko namwamkua, tunakunywa maziwa, habari ya Bobi haigusi.

Mimi sikunyamaza. Ofisi iliyowatuma wale watu nimeifuata mara tatu, kwa miguu yangu hii. Wananipa kiti, wananiangalia, kisha wanainamia makaratasi. Nawauliza lilelile: mbwa amelala, shingoni ana povu la sabuni, mlidhani nani alikuwa anamwosha?