Ukoo wa Moyo Mkunjufu

Katika parokia yao kule Beauce, jimboni Quebec, hapakuwa na mtu mwenye uso wa ndimu kama Odilon Bellehumeur. Kichekesho ni kwamba jina hilo la ukoo maana yake kwa Kifaransa ni moyo mkunjufu. Jirani yake, Rollande Quirion, aliyeunganisha simu za watu miaka thelathini na kwa hiyo kujua siri za wote, alimwamkia kila asubuhi kwa sauti ya juu, "Hujambo, Moyo Mkunjufu!" ili tu amwone akifunga dirisha kwa kishindo.

Ndiyo maana Rollande alishtuka Odilon alipomjia mwezi wa Mei, kofia mkononi.

"Bi Rollande, nasikia unajua kusoma vitabu vya zamani vya ubatizo. Ukoo wetu unakutana Julai. Nitafutie mabwana wakubwa waliotuzaa."

"Mabwana wakubwa?"

"Sisi hatukutoka Ufaransa kuja kulima. Linaonekana hilo."

"Linaonekana wapi, Odilon? Puani?"

Hata hivyo alikubali, si kwa wema, kwa umbea.

Kazi ilimtoa jasho. Enzi zile padri alimbatiza karibu kila mvulana Joseph na kila msichana Marie; jina la kuitwa nyumbani lilikuja nyuma kabisa. Mtoto akifa, anayemfuata hupewa jina lilelile. Katika nyumba tatu tu Rollande aliwakuta akina Joseph kumi na wanne, akawatukana mmoja mmoja. Hatimaye akamfikia wa kwanza, askari aliyeshuka melini Quebec. Padri alikuwa ameandika: *Jacques Quirion, aitwaye Bellehumeur.* Hilo la pili lilikuwa jina la utani alilopewa kambini. Mwanawe mkubwa alibaki na la ukoo, mdogo akashika la kambini.

Rollande alivua miwani, akaipangusa, akasoma tena. Quirion! Yeye na ile ndimu, damu moja!

"Yesu na Maria!" akasema, kisha akacheka mpaka paka akatoka nje.

Alikaa na siri hiyo wiki sita. Maishani mwake hakuwahi kunyamaza muda mrefu hivyo.

Julai ilipofika, watu sitini walijaa kwenye banda la Odilon. Rollande akasimama na karatasi zake, akasoma polepole huku akiionja kila silabi.

"Bwana mkubwa wenu alikuwa askari wa miguu. Kuandika hakujua, alitia msalaba. Na jina lake, binamu zangu, lilikuwa Quirion."

Uma ukaanguka mahali fulani. Odilon akaiva uso. "Binamu wa nani?"

Shangazi yake Philomène, mwenye miaka tisini na minne, akainua kichwa kutoka kwenye pai yake ya nyama.

"Hilo mbona tunalijua siku zote? Mama alitukataza kulisema. Alisema Waquirion ukiwaambia mna undugu, hawaondoki tena."

Banda zima likaangua kicheko, na aliyechekwa alikuwa Rollande. Akaketi, akala.

Jumatatu yake Odilon aliingia moja kwa moja jikoni kwa Rollande, akavuta kiti, akajimiminia kahawa.

"Haya, binamu," akasema, "nisimulie huyo babu yetu."

Alikaa mpaka adhuhuri. Alimweleza maradhi yake yote, goti baada ya goti, na kabla ya kwenda zake akafungua jokofu kuangalia kuna nini.