Daktari wa Vikaratasi

Mama alianza kuitwa Mama Dokta dada alipokuwa mwaka wa kwanza wa udaktari, naye aliliitikia jina hilo upesi kuliko jina alilopewa na wazazi wake. Kwa hiyo dada alipomaliza masomo na kutuambia mezani kwamba hataki kutibu watu, mama aliweka kijiko chini akamtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Hutaki kutibu? Unataka kufanya nini?"

Dada alitaka kuandika vile vikaratasi vinavyokunjwakunjwa ndani ya maboksi ya dawa, vyenye herufi kama sisimizi.

"Vile ninavyopangusia miwani?" baba aliuliza. Baba ni fundi majokofu mstaafu, na hakuwa anatania.

"Ndivyo hivyo, baba. Unavipangusia miwani kwa sababu havisomeki."

"Miaka yote ya kulala na mifupa kitandani," mama alisema, "uje uandike kitu cha kupangusia miwani!"

Kampuni moja ya dawa ilikuwa tayari kumwajiri. Tulipokuwa tunaanza kuizoea aibu hiyo, dada akatuletea kioja kingine: alikuwa ameiomba kampuni imsubiri mwaka mmoja, afanye kwanza mafunzo ya wodini. Mkuu wa kitengo cha vikaratasi huko alimweleza wazi kwamba kazi yao haihitaji mwaka huo. Alikubali kusubiri, lakini mwaka mmoja tu.

"Hutaki wodi, halafu unaiomba wodi," baba alilalamika. "Mwanangu, hata jokofu bovu huamua moja: ligandishe au liyeyushe."

"Siwezi kumwandikia mtu ambaye sijawahi kumkabidhi dawa mkononi, baba."

Mama peke yake alifurahi. Aliamini kwamba dada akishayavulia maji nguo, atayaoga.

Dada alipangiwa wodi ya maradhi ya moyo, chini ya daktari bingwa ambaye wauguzi walimwita Haraka, kisogoni bila shaka, kwa kuwa alimaliza kuzungukia vitanda kabla wao hawajapata kalamu. Haraka alijua habari za vikaratasi tangu siku ya kwanza, na hakumwacha apumue. Dada akipata mshipa wa sindano uliowashinda wenzake, Haraka alisema, "Unaona? Mikono hii ikaandike karatasi?" Akisahau kuagiza kipimo, alisema, "Unaona? Akili imeshahamia kwenye karatasi." Nyumbani nako mama alimpokea mlangoni kila jioni kwa neno moja, "Bado?" Maana yake: bado hujabadili mawazo? Alimuuliza kama mtu anayepima homa.

"Nikifanya vizuri ni ushahidi, nikikosea ni ushahidi," dada alifoka siku moja akivua viatu. "Hakuna anayeniacha nifanye kazi tu!"

Mwaka ulipokaribia kwisha, Haraka alimwita ofisini akampa nafasi ambayo wenzake wangeipigania: abaki asomee ubingwa wa moyo. Jibu litolewe Ijumaa. Mama alizipata habari kabla ya dada kufika nyumbani, na kufikia usiku mtaa mzima ulikuwa umeshampongeza. Dada mwenyewe alikuwa hajajibu. Aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza hakuwa na uhakika, maana kazi ya wodini alikuwa ameipenda, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Siku moja kabla ya Ijumaa aliletwa bibi mmoja, mshonaji wa zamani, ameanguka jikoni kwake. Dada mwenyewe ndiye aliyemruhusu kutoka wodini wiki iliyotangulia, akampa vibandiko vya dawa ya moyo vya kubandika kifuani. Walipomfungua blauzi walivikuta vyote alivyotumia, vimepangwa safu iliyonyooka kama vifungo. Presha ilikuwa imeshuka vibaya. Walivibandua kimoja kimoja, wakamtundikia dripu, akapata nafuu.

"Bibi, hukuelekezwa?" Haraka alimkaripia.

"Nilielekezwa, baba. Huyu binti alinisomea. Kila asubuhi nibandike kimoja. Kuna siku nimeruka?"

Dada alikichukua kile kikaratasi. Maneno ya kuondoa cha jana yalikuwepo, upande wa nyuma, chini ya orodha ya viambato. Siku ile ya kumruhusu, yeye alikuwa amesoma upande wa mbele tu.

"Wagonjwa hawaelewi," Haraka alisema walipotoka koridoni.

"Ameelewa kila alichoambiwa, daktari. Hatukumwambia."

"Basi ndiyo maana tunakutaka hapa! Wewe unasikiliza."

"Hapa nitamwambia mmoja mmoja, tena nikikumbuka. Mimi huyu nilisahau." Akavuta pumzi. "Nashukuru kwa nafasi, ila mpe mwingine."

Haraka alimtazama, akatikisa kichwa, akaenda zake kwa mwendo wake uleule.

Mama hakusema naye siku kadhaa. Alipotaka chumvi iliyo mbele ya dada, alinituma mimi niliyekaa katikati yao.

Dada aliporudi kutoka siku yake ya kwanza kazini kwenye kampuni ya dawa, alijitupa kwenye kochi. Mama akashindwa kuvumilia.

"Haya, mmeandika nini cha maana?"

"Hatujaandika. Tumebishana siku nzima kuhusu dawa ya kikohozi. Mtoto apewe kijiko kimoja. Kijiko gani?"

"Cha chai! Kuna asiyejua kijiko cha chai?"

"Nenda kaniletee, mama."

Mama alikwenda jikoni kwa kishindo. Baba akamfuata na chake anachokorogea kahawa, nami nikaleta cha bakuli la sukari. Tulivipanga mezani, vitatu, hakuna kilicholingana na mwenzake. Baba alisema cha kweli ni chake. Mama akamwambia kile ni upawa, si kijiko. Dada akavijaza maji, akayamimina kwa zamu kwenye kikombe cha vipimo alichokitoa mkobani, na cha mama kikawa kidogo kuliko vyote.

"Sasa mimi nimewalea nyie na vikohozi vyenu kwa kijiko hiki!" mama alipiga kelele. "Leteni kingine! Kuna kimoja kwa jirani!" Akatoka bila kandambili, na tukamsikia kule nje akigonga mlango na kumweleza jirani kwamba dokta wake anahitaji kijiko, sasa hivi, kwa ajili ya kazi.