Kibati cha Baiskeli Niliyokwisha Kuiuza

Kosa ni langu peke yangu, wasomaji wenzangu, tena nililivaa kifuani mchana kweupe, likimeta! Nilie au nicheke? Leo nacheka.

Mimi si mtu wa kubahatisha. Nilitoka Busale kwa miguu, nikasoma pwani, nikarudi na cheti chenye muhuri, viatu vya ngozi na baiskeli. Ya kwanza kuonekana huku kwetu! Wazee waliacha majembe shambani waje kugusa kengele. Boma likaniandika daftarini, likanipa kibati chenye namba, nami nikalipa kodi yake kwa madaha. Nani mwingine alikuwa na kodi ya namna hiyo?

Lakini matope ya mashamba ya mpunga hayajui cheti. Masika ilipofika, mimi ndiye niliyeibeba baiskeli, si yenyewe iliyonibeba. Nikamwuzia kimyakimya mchuuzi wa ng'ambo ya mto Songwe. Kibati nikakichomoa, nikakitia mkufu, nikakivaa.

Nilikuwa nimeposa, jamani! Baba wa mchumba wangu, mwenye mtumbwi wa kuvushia watu Songwe, alinipokea wakati natamba na baiskeli. Niliogopa akijua nimeuza, atanirudishia ng'ombe zangu za mahari na binti nimkose.

"Ugonile, mkwe," alinisalimu kila tulipokutana. "Baiskeli haijambo?"

"Iko kwa fundi, tata."

"Fundi huyo ana kazi!"

Na aibu kubwa zaidi ni hii. Boma lilipobandika tangazo sokoni, msomaji nilikuwa mimi! Nililisoma kwa sauti kuu: anayeuza chombo arudishe kibati, aje na shahidi wa mauzo, ndipo jina lake lifutwe. Watu wakasema, "Ndaga fijo, msomi wetu!" Nikaipokea asante yao kwa maringo, kibati kikining'inia shingoni.

Wakati wa kodi ukafika, sikulipa. Nilipie kitu kisicho changu? Askari akaja.

"Sina baiskeli!" nikamwambia.

Akakiinua kibati kwa kidole kimoja. "Na hii ni hirizi?"

Akaondoka na mtamba wangu kufidia kodi. Loo! Huyo ndiye ng'ombe wa mwisho wa mahari, na bila yeye hakuna harusi.

Nikapanda kwenda Bomani, viatu mkononi. Karani akafungua daftari. "Umeuza? Shahidi wako nani?"

Nyuma yangu, katika mstari wa walipa kodi, mtu akakohoa. Baba mkwe!

"Mimi, bwana karani. Mchuuzi nilimvusha mwenyewe, baiskeli imelala mtumbwini kama mgonjwa. Ilikuwa moja tu huku kwetu, ningekosaje kuijua? Tangu masika ile namngoja huyu aniambie."

Mstari mzima ukaangua kicheko. Nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka, maana mzigo wote ulishuka! Nikavua kibati, karani akapiga mstari juu ya jina langu. Lakini mtamba hakurudi. "Kodi hukoma siku kibati kinaporudi," alisema, "si siku baiskeli inapoondoka."

Njiani nikamwuliza mzee, "Sasa binti?"

"Binti nilimpa mtu, sikumpa gurudumu. Ila mtamba wangu utamlipa kwa upondo."

Basi mimi, mwenye cheti chenye muhuri, nimesukuma mtumbwi wa mkwe kwa mti huo mrefu masika nzima, viganja vikavimba! Mke wangu, ndiyo, nimeoa, huja na chakula ukingoni akaniita Bwana Fundi.

Ndugu, ukiuza chombo rudisha kibati siku ileile, kabla hakijakuzoea shingoni. Na kama kuna mtu unaogopa kumwambia, mwambie. Huenda ndiye aliyekivusha chombo chenyewe.

Abiria nao hawanionei huruma. Kila nikishika upondo, mmoja huuliza, "Msomi, baiskeli iko wapi?"

"Nimeiuza!" napaza sauti, mpaka ng'ambo wanasikia.