Mguu Unaoshona

Fundi Geti alikuwa akichomelea mageti ya chuma, na ukimwuliza yeye mwenyewe atakwambia kichwa chake nacho ni cha chuma hicho hicho. Siku hizi anasema hivyo huku akicheka. Siku ile hakucheka, maana geti jipya la mteja, lililosimamishwa mbele ya karakana likingoja rangi, lilikuwa limekunjika katikati, na pua ya pikapu yake imo ndani.

Kwenye usukani alikuwa mkewe. Mama huyu alishona sare za shule, na alikuwa amechoka kumbembeleza mumewe ampelekee mizigo. Akajifunza udereva kimyakimya, akafaulu, akapata leseni. Siku ya kwanza kuitoa pikapu alifika mbele ya karakana, akakanyaga breki kama alivyofundishwa, na pikapu ikaendelea na safari zake.

"Nimekanyaga mpaka chini," alisema. "Haikushika."

"Bi Mkubwa hana tatizo," alijibu Fundi Geti. Pikapu aliiita Bi Mkubwa kwa sababu iliingia nyumbani kabla ya mke, na mke alishauzoea utani huo. Kilichofuata hakikuwa utani. "Tatizo ni mguu wako. Umezoea cherehani. Gari si cherehani, mama watoto."

Mkewe alimkabidhi funguo, akaitia leseni kwenye droo ya vifungo, na tangu hapo sare zikawa zinabebwa kichwani. Hilo lilimuuma Fundi Geti kuliko geti. Moyoni alimwonea fahari mke anayeendesha gari. Lakini kuomba samahani kulimshinda, akaona heri amthibitishie kwamba breki ni nzima, halafu amfundishe upya. Akili hiyo anayo mpaka leo, ila sasa haitumii.

Alifungua boneti, akakuta mafuta ya breki yamepungua, akayajaza. Aliyajaza hivyo miaka nenda miaka rudi, wala hakuwahi kujiuliza yanakwenda wapi. Kisha akampakia mkewe na furushi lake la sare, wakateremka mtaani. Kwenye njia panda Bi Mkubwa akasimama kwa adabu zote.

"Umeona?"

Mkewe hakuwa anatazama barabara. Alikuwa anatazama chini.

"Baba watoto, huo mguu wako unashona nini?"

"Mguu gani?"

"Huo. Umekanyaga mara tatu."

"Mara moja!"

"Haya, twende tena. Safari hii uutazame mwenyewe."

Akautazama, nusura agonge mkokoteni. Kweli, mguu ulikuwa unacheza, tap, tap, tap, utadhani ni wa mtu mwingine. Kumbe mguu uliujua ugonjwa siku zote, ukawa unautibu wenyewe bila kumshirikisha mwenye mguu.

"Sasa kanyaga mara moja tu," alisema mama.

Alikanyaga mara moja. Pedeli ikazama mpaka sakafuni, pikapu ikazidi kuteremka, na Fundi Geti akaivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili huku akimwita mama yake mzazi.

Fundi wa magari, ambaye mtaa mzima ulimwita Kipara, aliitwa karakanani, akafungua gurudumu la nyuma na kuvua dramu, kile kikombe cha chuma kinachofunika breki. Ndani kulikuwa kumelowa chepechepe. Silinda ndogo ya gurudumu ilikuwa inavuja, viatu vya breki vimekunywa mafuta, na upepo umeingia kwenye mabomba.

"Ukikanyaga mara ya kwanza unabana upepo tu," alisema Kipara. "Mpaka ya tatu ndiyo inashika. Hili geti ulilikunja wewe, mzee."

Alibadilisha silinda na viatu, akasafisha dramu. Ikabaki kutoa upepo, na hapo alihitaji mtu wa kukanyaga pedeli na kuishikilia, yeye akifungua na kufunga nati kule chini. Fundi Geti akajitosa.

"Shikilia!" alipiga kelele Kipara toka chini. "Nimesema shikilia! Unaachia, upepo unarudi!"

"Nimeshikilia!"

"Shuka, mzee. Mama, panda wewe."

Mama akapanda. Akakanyaga, akashikilia, akaachia alipoambiwa, taratibu, mpaka mafuta yakatoka safi bila povu. Fundi Geti alisimama kando na spana asiyoihitaji mtu, aibu imemjaa, akiutazama ule mguu wa cherehani.

Kwenye majaribio alishika usukani yeye, kwa mazoea. Mkanyago wa kwanza tu ukampeleka paji la uso kwenye kioo. Alishuka na nundu yake, akazunguka upande wa pili, akamnyooshea mkewe funguo bila kumtazama usoni. Mkewe akaenda kwanza kwenye droo ya vifungo.

Waliteremka mtaani na furushi la sare nyuma. Mama alikanyaga breki mara moja tu, pikapu ikatulia. Kando yake, juu ya mkeka wa gari, mguu wa mumewe ulikuwa unakwenda, tap, tap, tap.

"Haya, baba watoto. Sasa unashona nini?"

"Mdomo wangu," alisema Fundi Geti.