Mji Uliochaguliwa Jikoni Kyimo

Wiki ile, mwaka tisini na tano, Ikupa hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama anasahau alichosimamia. Alikuwa fundi cherehani, kibaraza chake mbele ya duka la vitambaa la Arafa pale Tukuyu, na kwa miaka minane nusu ya watoto wa wilaya walikwenda shule wamevaa kazi ya mkono wake. Kisha milango ya biashara ya nje ikafunguliwa, mitumba ikaingia kwa marobota, na kazi yake ikabaki kupunguza viuno vya suruali za Wazungu wanene.

Sasa akatokea Naseeb, binamu yake Arafa, kutoka Malawi. Alikuwa msimamizi wa tajiri mmoja wa nguo kule, anatafuta mafundi wa sare. Aliigeuza ndani nje sketi moja ya Ikupa, akaupitisha mshono kwenye ukucha, akasema nafasi ipo, tena achague mji mwenyewe. Blantyre kuna kiwanda cha vyerehani mia vya umeme. Lilongwe kuna karakana ya sare za maofisini. Mzuzu wamefungua duka juzi tu, vyerehani vitatu, hata mkataji hawajapata. Mkataba ni wa miaka mitatu, na mji ukishaandikwa haufutwi. Jibu alilitaka Alhamisi asubuhi.

Ikupa alimjibu kwamba atafikiri, lakini moyo wake ulikwisha kufika Blantyre na kuwasha taa. Vyerehani mia! Alijaribu kuusikia mvumo wake akiwa bado anakanyaga cha kwake.

Akauliza watu. Arafa alimwambia Lilongwe, maana ndiko serikali iliko, na penye serikali sare haziishi. Muuza viazi kutoka Isongole, ambaye hajawahi kuvuka hata Kyela, alimweleza Blantyre mtaa kwa mtaa. Mumewe Hosea, fundi seremala, alicheka tu. "Mama Doreen, mimi natengeneza vitanda. Watu wanalala kila mji. Chagua wewe, mimi nitabeba msumeno."

Jumatano mchana mvua ikamfungia jikoni kwa mama mkwe wake, Atuganile, kijijini Kyimo, wakimenya ndizi. Jiko lilikuwa la mianzi, na upande wa pili wa ukuta, barazani, alikuwa amekaa baba mkwe, mzee Ambilikile. Hapo ndipo penye ugumu. Kwa Wanyakyusa wa desturi, mkamwana na baba mkwe hawaonani wala hawasemeshani. Miaka minane Ikupa alikuwa akiona kofia ya mzee kwa mbali tu, anajifunika kitenge na kuingia migombani mpaka apite. Alimjua kwa kikohozi kuliko kwa uso.

Kikohozi kikasikika. Kisha mzee akamwambia mkewe, kwa sauti ya kutosha nyumba tatu, kwamba amesikia kuna mtu anatafuta mji, na yeye Blantyre alikaa ujanani.

Ikupa aliacha kisu. Hakuna aliyewahi kumwambia. Akamnong'oneza mama mkwe amuulize kama ni kweli mji ule ni mkubwa na una raha.

Atuganile akageukia ukuta. "Mkamwana wako anauliza kama kule ni mbali sana na kama watu wanakufa kwa joto."

"Hajauliza hivyo," mzee akasema. "Lakini mwambie mji ni mkubwa, na raha ilikuwepo."

Mkasa ukawa huo. Kila mtu alimsikia kila mtu, ila neno lilipaswa kupitia kwa mama, na mama alikuwa na mji wake. Alitaka Mzuzu, ulio kaskazini ya Malawi na karibu zaidi na nyumbani, kwa sababu mtu wa Mzuzu huja Krismasi na mjukuu mgongoni. Swali likiingia kwake limenyooka, linatoka limepinda kuelekea kaskazini. Ikupa alijifunika uso kwa kitenge, safari hii kwa kicheko.

Mwishowe akauliza lililokuwa likimkaa kooni. Mzee alikuwa akifanya kazi gani huko?

Hilo mama alilipitisha kama lilivyo, maana hata yeye alikuwa hajapata kuliuliza.

Mvua ilipiga migomba kidogo. "Kiwanda cha mashati," mzee akasema. "Vifungo. Miaka miwili, vifungo tu. Kola ilikuwa ya mtu mwingine, mkono wa mtu mwingine. Siku naondoka, shati zima sikujua kulishona. Mwambie, sisemi mji ni mbaya. Namuuliza yeye kule anataka kushika nini mkononi."

Atuganile akafungua mdomo kuyapeleka, akaona hayana haja. Ikupa alikuwa anatazama kiganja chake, pale kidole gumba kilipofanya sugu ya mkasi. Tangu aanze ufundi, furaha yake haikuwa mvumo wa mashine. Ilikuwa pale anapotandaza kitambaa kizima mezani, akiona nguo ambayo wengine hawajaiona, na kutia mkasi bila kutetemeka. Duka lile la Mzuzu halina mkataji. Akashangaa kwamba Naseeb alimtajia duka hilo, na yeye mwenyewe akalipita kama chenji isiyohesabiwa.

"Mama, nakwenda Mzuzu," akasema. "Kukata."

Atuganile akashukuru, "Ndaga, ndaga," akiamini kwamba ni kazi ya ulimi wake. Ikupa akamwachia.

Alhamisi kulipambazuka kweupe, mlima Rungwe wote wazi. Ikupa alishuka kumpa Naseeb jibu, amejitwika kichwa cha cherehani juu ya kata, kitiwe mafuta mjini kwa ajili ya safari. Kwenye kona ya shamba la chai akaiona ile kofia inapanda. Atajifichaje na chuma kile kichwani?

Lakini mzee ndiye aliyeiacha njia. Aliingia migombani hadi kiunoni, akampa mgongo, akasimama kama anakagua ndizi.

Ikupa akapita pole pole, macho chini ila kwa kuuibia mgongo ule mara moja, akitabasamu peke yake.

"Enyi migomba," mzee akasema nyuma yake, "shati la kwanza la Mzuzu nitalivaa mimi."

Ikupa hakujibu, maana desturi ni desturi. Ila alipofika barabarani alikuwa amekwisha kukadiria mabega ya mzee kwa macho, na alijua atakata kipimo gani.