Upinde wa Mugisho Haukauki

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu ninachokusimulia kilitokea, na mimi mwenyewe nilikuwepo, mchana kweupe, nikiwa na akili timamu na tumbo limeshiba. Sinywi pombe. Muulize mke wangu. Mimi ni seremala hapa Lodwar, mtu wa mbao na misumari, na kabla ya jambo hili niliwacheka watu wa mizimu kuliko utakavyonicheka wewe.

Nianze na pinde, maana bila pinde hutaelewa kitu. Mimi ni Mkamba na kwetu upinde si ajabu, lakini sikuupenda kwa ajili ya kabila. Niliupenda kwa ajili ya mti. Kuna ugonjwa unaowashika watu wa pinde, na asiyeupata huona tumerukwa na akili. Mwanzoni unataka tu kulenga shabaha. Baadaye shabaha unaisahau, mchana kutwa ni habari ya kupaka. Upinde upakwe nini? Hapa Turkana hilo si swali la mchezo. Jua na upepo hunyonya mti mpaka ukawa mkavu kama biskuti, na upinde mkavu ukiuvuta unakukatikia mkononi. Vanishi ya dukani inang'aa wiki chache, halafu inapasuka na kubanduka. Kwa hiyo kila mtu ana mafuta yake na anayatetea kama dini.

Tulikuwa watu wachache. Kila Jumamosi nilisafiri kwenda Kakuma, na alasiri tulikutana kwenye mto mkavu, mbali na nyumba za watu. Mimi nilipaka nta ya nyuki niliyoyeyusha pamoja na mafuta ya mbarika, na sioni haya kusema hakuna aliyenifikia. Ekal, Mturkana mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, alipaka mafuta ya mkia wa kondoo. Mwalimu mmoja alipaka mafuta ya samaki kutoka Kalokol, na paka wa mtaa mzima wakawa wanamfuata nyuma. Na Mugisho, rafiki yangu, Mkongo wa upande wa Bukavu, mkimbizi wa kambi ya Kakuma, alipaka mawese. Tulimtania sana kwa hayo mawese. Tulimwambia upinde wake unafaa kuungia maharagwe.

Lakini upinde wenyewe ulikuwa mzuri, nisiwe mchoyo wa sifa. Ulikuwa wa mti wa mkole, mrefu kumpita mwenyewe, na aliuchonga kwa kisu na vipande vya chupa karibu mwaka mzima. Pinde haziruhusiwi kambini, kwa hiyo uliwekwa stoo ya Ekal, naye Mugisho alitoka kambini kila siku kwa miguu kwenda kuutazama, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa hospitalini. Mkewe, Furaha, alikuwa akisema angekuwa mti labda angependwa zaidi. Alisema akicheka, wakati ule.

Sasa tulikuwa na desturi yetu, na hapo ndipo pa kusikiliza. Mgeni akija na upinde, hatumuulizi jina kwanza. Anachukua upinde wa mmoja wetu na kuupaka mafuta yake kwa kiganja, hadi kiganja kipate joto na mti uyanywe. Na mwenye upinde huo naye anaupaka wa mgeni. Ndivyo tulivyolinganisha mafuta, na ndivyo tulivyokaribishana. Nani angedhani kuna ubaya katika jambo kama hilo?

Siku ninayokusimulia upepo ulikuwa umebeba vumbi tangu asubuhi, jua likawa doa jekundu tu, na mwalimu hakuja. Tulikuwa watatu, mimi, Ekal na Mugisho. Mtu mmoja alitokea upande wa juu wa mto, ambako hakuna kijiji wala njia. Alikuwa mrefu, amevaa koti kuukuu katika joto lile, na hakuwa na tone la jasho. Sisi tulikuwa weupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Yeye miguu yake ilikuwa safi. Niliyaona hayo yote, niamini, lakini macho yangu yalikuwa yameshikwa na upinde aliokuwa nao.

Nikwambie nini kuhusu upinde ule? Ulikuwa mweusi, lakini weusi wenye kina, kana kwamba ukitia kidole kitazama. Vumbi halikuushika. Nilitamani kulia kwa wivu, sikufichi.

Alitusalimia kwa Kiturkana, ejok, kama mtu yeyote. Ekal akamuuliza ametoka wapi, akasema Lokori. Nikamuuliza anapaka nini. Alinyoosha mkono kwangu, anataka upinde wangu. Basi hapo ndipo kiburi changu kiliponiokoa. Nilikuwa nimeupaka nta siku iliyotangulia na sikutaka mafuta ya mtu mwingine yaniharibie kazi, hata kama ni mazuri. Nikasema wangu bado mbichi. Sikuhisi hatari yoyote. Nililinda nta yangu, basi.

Mugisho akampa wake.

Mgeni alikaa mchangani, akauweka mapajani, akaanza kuusugua. Hakutoa kichupa wala kitambaa. Alisugua kwa kiganja kitupu, taratibu, toka ncha mpaka ncha, na kila kiganja kilipopita, mti ulibaki mweusi nyuma yake. Alipogeuza mkono niliona kiganja chenyewe. Hakikuwa na mstari hata mmoja. Kilikuwa laini kama tumbo la upawa.

Mugisho naye akaupaka upinde wa mgeni mawese yake, kama desturi. Baadaye aliniambia ulikuwa na joto, si la jua, la mtu mwenye homa. Mgeni aliporudisha upinde alisema maneno machache tu.

"Usiupake kitu tena. Utajipaka wenyewe."

Akaondoka kurudi alikotoka. Tulikuwa tunaukodolea macho upinde, hakuna aliyemtazama akienda. Tulipoinua vichwa hakuwepo, na kwenye mchanga kulikuwa na nyayo zetu peke yetu.

Utasema tungeutupa hapo hapo. Wewe hujaona mng'ao ule. Mugisho alifurahi kama mtoto. Jumamosi iliyofuata ulikuwa umezidi kung'aa, na iliyofuata tena ulikuwa umezidi zaidi. Ekal akaanza kulalamika kwamba ukuta wa stoo ulipoegemezwa upinde ulikuwa na alama ya mafuta, ndefu, isiyotoka kwa sabuni. "Fundi, hii ukuta nimepaka rangi juzi tu," aliniambia. "Na huyo jamaa haleti mafuta. Mimi naangalia."

Kwa Mugisho nilianza kuona visigino. Vilipasuka. Kakuma visigino vya kupasuka si habari. Halafu midomo ikapasuka. Halafu ngozi ya mikono ikapauka na kutoa magamba, akawa akijikuna inaanguka unga. Zahanati walimpa mafuta ya kujipaka na chumvi ya kuchanganya na maji, baadaye wakamtundikia dripu. Furaha alinipigia simu, akaniambia, "Ndugu, kunywa anakunywa. Ile maji sijui inaenda wapi." Na akaniambia mumewe harudi tena nyumbani, analala stoo kwa Ekal, kando ya upinde.

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Garini nilikaa na mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Lokori, na kwa kuwa nilikuwa na wasiwasi nikamuuliza kama kwao kuna watu wa pinde. Akasema hakuna. Alikuwako mlinzi mmoja tu, mtu wa kuja, alikuwa na upinde mweusi ambao watu walikuja kuutazama. Alikauka akafa katikati ya msimu wa mvua, na upinde wake haukuonekana. Alisema neno hilo, alikauka.

Mugisho nilimkuta stoo, kwenye mkeka. Rafiki yangu alikuwa amesinyaa, macho yameingia ndani, na alipopepesa kope nilisikia sauti ya karatasi. Upinde ulikuwa umeegemea ukutani juu ya kichwa chake, umenona. Sina neno jingine. Niliuinamia nikaunusa. Haukunuka nta wala kondoo wala kitu chochote cha kununuliwa. Ulinuka mawese kidogo, na chini ya mawese ulinuka jasho la Mugisho, lile la kofia yake. Hapo nikaelewa upinde ulikuwa ukijipaka nini.

Sikuomba ruhusa. Nilivunja chupa, nikachukua kipande, nikaanza kuukwangua kwenye ncha, kama tunavyokwangua upinde uliopakwa vibaya. Ukoko mweusi ulitoka umejikunja, na chini yake yakatiririka mafuta ya uvuguvugu. Niliyapangusa kwa kiganja cha kulia, nikaendelea, mpaka mti mweupe ukaonekana, kama urefu wa kidole. Furaha, aliyekuwa amekaa miguuni kwa mumewe, akashtuka. Akanishika mkono akanionyesha. Kisigino kimoja cha Mugisho kilikuwa kimelainika. Ngozi imerudi, ina unyevu, kisigino cha mtu mzima wa afya.

Tulilia, mimi na Furaha. Ilikuwa inawezekana. Ila nilipokitazama kile nilichokwangua nikaona jambo jingine. Mafuta yalikuwa yameingia ndani sana. Kuyatoa yote ningelazimika kula mti mpaka ubaki fimbo isiyoweza kurusha hata kijiti. Upinde usingepona. Mtu angepona. Wewe ungechagua nini? Mimi nilikwishachagua, nikainua kile kipande cha chupa tena.

Mugisho alikuwa amefumbua macho. Hakutazama kisigino chake. Alitazama pale peupe kwenye ncha, na machozi ambayo sijui yalitoka wapi katika mwili ule yakamtoka.

"Kaka, wacha sasa," alisema. "Miye nilifika huku mikono mitupu. Chakula kuna mutu alinipa, nyumba kuna mutu alinipa, hii shuka ni ya kupewa. Hii peke yake ni miye nilitengeneza."

Nikamwambia nitamtengenezea mwingine, wa mkole huo huo, tutauchonga pamoja. Akasema hautakuwa ule. Nikamwambia Furaha anamhitaji. Akasema anajua. Nikajaribu kuuvuta, na yeye alikuwa ameshika upinde kwa nguvu nisizozitegemea. Mwisho akaniambia kwa upole nimuache alale nao siku ile, kesho nimalize. Kesho. Nilikubali, kwa sababu na mimi ni mtu wa pinde, na nilijua anachoaga. Kuna siku naona aliniomba mimi kwa kuwa alijua ni mimi peke yangu ningekubali.

Mimi na Furaha tulilala nyumbani kwa Ekal, na asubuhi alitugongea milango. Mugisho alikuwa amekaa, ameegemea ukuta, upinde mapajani. Alikuwa mwepesi kama ganda la mahindi. Kiganja chake kilikuwa juu ya ile ncha niliyoikwangua, na tulipokitoa, peupe hapakuwepo tena. Alikuwa amepasugua kwa mkono wake mwenyewe mpaka pakafunga, na upinde ulikuwa unang'aa kuliko siku zote. Nitakuwa mwongo nikisema haukuwa mzuri.

Furaha alitaka azikwe nao, nasi tukafanya hivyo. Makaburi ya Kakuma ni mchanga na mawe, lakini juu ya kaburi lile mchanga ulibaki mweusi na unyevunyevu, nyasi zikaota bila mvua. Furaha alikuwa akienda kukaa pale. Alisema ananusa mawese, na kwamba inamtuliza. Halafu siku moja alinipigia simu akilia. Nilipofika nilikuta mchanga umekauka, nyasi zimekuwa nyeupe, na katikati ya kaburi kuna mfereji mwembamba, mrefu kama upinde. Pembeni hapakuwa na unyayo.

Tangu hapo kiganja changu cha kulia hakikauki. Nimekiosha kwa sabuni, kwa majivu, kwa mafuta ya taa. Cha kushoto kimejaa sugu za useremala, cha kulia ni laini, na mistari yake inafutika kidogo kidogo. Mara moja tu, mwanzoni, nilijisahau nikaupapasa upinde wangu. Ulibadilika mweusi pale pale, na jioni yake midomo yangu ilikuwa imepasuka. Niliukata kwa shoka, mke wangu akapikia. Siku hizi mkono wa kulia navaa glavu, na vanishi naipaka kwa brashi.

Basi ukiwa mtu wa pinde, na nadhani wako wengi sasa, akija mgeni ambaye vumbi halimshiki, usimpe upinde wako, hata kama tamaa inakuua. Na kama anabeba mmoja mrefu wa mkole, wenye joto la mtu, unaonuka mawese, usiuguse na usiusifu. Ndani ya upinde huo yumo rafiki yangu, na ana mke anayemlilia.

Na tukikutana hapa Lodwar, nikakupa mkono wa kushoto, usidhani nimekudharau.